Samaki waliobaki hai

Niliporudi Bukavu, mashariki ya Kongo, mwaka 2013 na kuwaambia watu wa mtaa wa Kadutu kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nafuga kamba huko Msumbiji, walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kamba? Zile za kufunga mbuzi?" Mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, akaniuliza kama kamba zangu zilikuwa zinazaa, na kama zilikuwa zinazaa, mbona nimerudi mikono mitupu. Nikasema "kreveti", ndipo wakaelewa. Lakini lile swali la mama wa sambaza lilinikaa moyoni, kwa sababu kamba wangu walizaa kweli, wakazaa kwa maelfu, kisha wakafa wote ndani ya juma moja.

Namna kijana wa Bukavu anavyojikuta kwenye pwani ya Msumbiji ni hadithi ya wengi wa rika langu, sitairefusha: Uvira, boti, Kigoma, kambi, halafu kutafuta kazi. Nilipata kazi kwenye shamba moja lililokuwa nyuma ya mikoko. Mwenzangu wa zamu alikuwa Mmwani, mtu wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, na Kimwani chake na Kiswahili changu vilisikilizana vizuri kuliko Kireno cha wakubwa wetu. Siku ya kwanza aliniangalia nilivyoshika wavu akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nikacheka peke yangu, maana kamba ndiyo kazi niliyokuwa nimeajiriwa.

Tulifuga Penaeus monodon, wale wakubwa wenye milia. Kazi yangu ilikuwa masinia. Unatia chakula kidogo kwenye sinia la wavu, unalizamisha bwawani, baada ya saa mbili unalivuta. Likirudi tupu, ongeza chakula. Likirudi na mabaki, punguza. Likirudi kama lilivyokwenda, usiguse kitu, mwite mkubwa.

Mwaka 2011 sinia la bwawa la nne lilirudi kama lilivyokwenda.

Msimamizi alisema ni baridi ya usiku. Siku ya pili ndege weupe walikuwa wamejipanga ukingoni kama waumini, na kamba walikuwa wanaogelea juu juu, polepole, pembeni mwa bwawa, mahali ambapo kamba mzima hafiki mchana. Wengine miili ilikuwa imekuwa myekundu kana kwamba wameshapikwa. Mmwani akamchukua mmoja, akambandua gamba la kichwani, akaliinua juani. Ndani yake kulikuwa na madoa meupe, madogo kama punje za chumvi iliyoganda. Hakusema kitu. Msimamizi alipoyaona ndiye aliyetamka: mancha branca.

Ugonjwa wa madoa meupe unaletwa na kirusi ambacho hakimdhuru mtu anayekula kamba, lakini kwa kamba mwenyewe ni moto wa nyasi kavu. Ulionekana Asia ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukazunguka dunia, na mwaka ule wa 2011 ukafika Msumbiji. Mwaka uliofuata ulikuwa Madagascar. Bwawa likishaanza kufa, siku tatu hadi kumi zinatosha kulimaliza. Kamba wana tabia ya kula wafu wao, kwa hiyo kila maiti inakuwa mlo wenye sumu kwa kumi wengine. Na hawana zile kingamwili tulizo nazo sisi, zinazokumbuka ugonjwa na kuusubiri urudi, kwa hiyo chanjo ya aina tunayompeleka mtoto kuchomwa haina pa kushika.

Tulivuna usiku na mchana kabla hawajafa, kamba wadogo wasio na bei. Halafu nikafanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mama wa sambaza. Niliamriwa nifungue mlango wa maji wa bwawa la nne ili lishuke upesi, na maji yale yakaingia kwenye mfereji uleule ambao mabwawa mengine yalikuwa yanavutia maji. Amri haikuwa yangu, lakini mikono ilikuwa yangu. Baada ya siku tano masinia ya bwawa la tano na la sita yalirudi yamejaa. Ndipo ikaja klorini, ikaja chokaa, ikaja amri ya kuua kila kaa anayetembea kwenye kingo, kwa sababu kaa naye hubeba kirusi hicho. Tulikuwa tunafunga mlango wa nyumba iliyokwisha ungua.

Kirusi kiliingilia wapi? Jibu nililopewa ni kwamba kiliingia mgongoni mwa mama. Kamba wazazi tulikuwa tunawanunua kwa wavuvi, wametoka baharini moja kwa moja, wazuri, wazito, wamejaa mayai. Kamba anaweza kubeba kirusi hicho asionyeshe doa hata moja, mpaka siku anapobanwa na wenzake, baridi au njaa. Kulikuwa na kipimo cha PCR, kilekile ambacho sisi wa Kivu tulikuja kukijua kwa jina wakati wa Ebola na korona, lakini shamba lilipima mara moja moja, kwa sababu kupima ni pesa na mama mwenye mayai hangoji.

Baada ya msiba alikuja mtaalamu mmoja aliyewahi kufanya kazi Ekuador. Jioni alikuwa anakaa na sisi wafanyakazi, maana wakubwa hawakuwa na hamu tena ya kusikiliza. Yeye ndiye aliyenifundisha kutenganisha maneno mawili ambayo mimi nilidhani ni kitu kimoja: mbegu safi na mbegu sugu.

Mbegu safi haina ugonjwa. Imepimwa, na wazazi wake na mababu zake wamepimwa, imelelewa ndani ya majengo yaliyofungwa. Wamarekani walianza kufuga ukoo wa namna hiyo Hawaii mwishoni mwa miaka ya 1980. Mbegu sugu ni ile inayokutana na ugonjwa na kubaki hai. Mtu anaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Kule Texas, mwaka 1995, kamba safi wa ukoo huo walikutana bwawani na kirusi kingine, cha Taura, wakafa karibu wote. Usafi wao haukuwa umewafundisha kitu. Ni kama mtoto aliyezaliwa na kukulia hapa Bukavu juu, kwenye baridi, ukamshusha Uvira akalale bila chandarua.

Taura ni jina la mto wa Ekuador. Kamba wa pale walipoanza kufa karibu mwaka 1992, wafugaji waliwashtumu wenye mashamba ya ndizi na dawa zao za kuvu. Ilichukua miaka kukubali kwamba muuaji ni kirusi. Hapo wafuga mbegu wakaanza kuchagua, na kwa Taura uchaguzi ulilipa: vizazi vichache tu, na tofauti ikaonekana kwa macho. Madoa meupe yalipofika Ekuador mwaka 1999, mauzo ya kamba nje yakaanguka zaidi ya nusu, na mara hii uchaguzi ulikuwa kuvuta jiwe mlimani. Kwa ugonjwa ule, sehemu ndogo sana ya uvumilivu hutoka kwa wazazi. Nyingine ni joto la maji, wingi wa kirusi, msongamano wa bwawa. Kolombia walikuta jambo baya zaidi: familia za kamba zilizokua haraka zilielekea kuwa ndizo zinazokufa haraka kwa madoa meupe. Unachagua uzito, unapokea udhaifu. Unachagua uhai, unapokea wadogo.

Hata hivyo Ekuador hawakuacha. Walipunguza idadi ya kamba kwa kila mita, wakakubali kuishi na kirusi, na kizazi baada ya kizazi wakawachukua waliobaki hai wawe wazazi. Mwaka 2022 nchi ile iliuza nje zaidi ya tani milioni moja. Mtaalamu wetu hakuwa na takwimu hiyo wakati ule, lakini alikuwa na uhakika na njia. "Waliobaki hai," alisema, "ndio shule."

Niliondoka Msumbiji na sentensi hiyo tu kichwani, na sentensi moja kichwani ni hatari.

Mwaka 2014 nilichimba mabwawa manne karibu na Kamanyola. Bukavu ni juu, mita 1,500 hivi, maji ni ya baridi na tilapia wanakua kwa uvivu. Ukishateremka mlima wa Ngomo na kuifikia bonde la Ruzizi, joto linabadilika na samaki nao wanabadilika. (Kuhusu barabara ya Ngomo wakati wa mvua, na gari lililojaa ndoo za alevini, yaani vifaranga vya samaki, naomba nisizungumze leo.) Alevini wa kwanza nilinunua kwa jirani. Jirani alikuwa amenunua kwa jirani yake. Sikuuliza zaidi.

Mwaka wa pili, asubuhi moja ya msimu wa mvua, mlinzi alinipigia simu saa kumi na mbili kasoro. "Papa, kuja haraka. Samaki banakufa." Nilipofika bwawa la pili lilikuwa jeupe kwa matumbo. Nilisimama pale nikarudi Msumbiji kwa miguu yangu yote miwili, nikaona ndege, nikaona sinia limejaa. Nikatafuta madoa kwenye samaki kama mtu aliyepungukiwa na akili, tilapia hana hata lile gamba la kichwani la kuinua juani. Wakubwa wote walikuwa wamekufa. Walibaki kama mia mbili, wadogo wadogo, wamejibana kwenye kona ya mfereji unaoingiza maji.

Nikakumbuka shule. Sikuwala, sikuwauza. Niliwahamisha kwenye bwawa la peke yao, nikawaita wazazi. Kwa miaka miwili niliuza alevini wao mpaka Nyangezi na Walungu, na kwa kila mteja nilisema kwa sauti ya mtu aliyesafiri: hii ni mbegu sugu, imepita kwenye kifo. Watu walinunua. Nani asingenunua?

Mteja wa kwanza kurudi alikuwa mama mmoja mjane wa Nyangezi, mtu wa heshima na maneno machache. Aliweka samaki watatu mezani kwangu. "Papa, hizi ziko na mwaka muzima." Zilikuwa na urefu wa kiganja, na moja, ndogo hivyo, ilikuwa tayari mama, ina mayai mdomoni, mahali tilapia jike anapoyaatamia. Wa pili alileta samaki mwenye mgongo uliopinda. Wa tatu alileta wawili waliokosa kifuniko cha mashavu upande mmoja, mashavu mekundu yako wazi kama kidonda. Hao hawakuwa wamekufa, hapana. Walikuwa hai vizuri sana. Ila hawakuwa samaki wa kumpeleka mtoto shuleni.

Nilimtafuta veterineri, daktari wa mifugo, mmoja kijana ambaye ninamheshimu kwa sababu huuliza kabla ya kujibu. Aliniuliza maswali matatu. Walikufa saa ngapi? Kabla ya jua. Maji yalikuwa rangi gani? Kijani, nikasema, kijani kama sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, nami niliifurahia ile rangi nikidhani ni chakula. Waliobaki walikuwa wapi? Kwenye mlango wa maji.

"Ile haikuwa ugonjwa, papa. Ni pumzi."

Mimea midogo inayofanya maji yawe kijani hutoa hewa mchana, lakini usiku nayo inavuta pamoja na samaki. Bwawa likiwa na mbolea nyingi na anga likiwa na mawingu siku mbili tatu, alfajiri hewa ya majini inakwisha, na wanaotangulia kufa ni wakubwa. Wadogo wanahitaji kidogo, na aliye karibu na maji mapya anapata. Kwa hiyo mimi, mwenye elimu ya Ekuador, nilikuwa nimechagua kwa uangalifu mkubwa samaki wa sifa mbili: udogo, na kuwa mahali pazuri siku ile. Sifa ya kwanza huenda walirithi, na nikaizidisha. Ya pili hairithiwi. Migongo iliyopinda ilikuwa habari nyingine: jirani, jirani yake, na jirani wa jirani yake, wote walikuwa wametoa mbegu kwenye bwawa moja la zamani. Nilikuwa nimewaozesha ndugu kwa ndugu, wajukuu kwa babu zao.

Mtaalamu wa Msumbiji alikuwa ameniambia pia, sasa nakumbuka, kwamba wafuga mbegu wa kweli hawamtazami yule mmoja aliyepona. Wanatazama familia. Wanagawa watoto wa mama mmoja mafungu mawili. Fungu moja wanaliambukiza kwa makusudi, ndani, kwa kipimo kinachojulikana na katika maji ya joto moja kwa familia zote. Fungu la pili wanaliweka mbali, safi. Familia ambayo fungu lake lililoambukizwa limedumu zaidi, ndugu zao walio safi ndio wanaokuwa wazazi. Kwa njia hiyo aliyepita kwenye kifo hazalishwi, maana huenda bado amebeba kifo chenyewe. Hii ilikuwa imepita masikioni kwangu jioni nzima, nami nikabaki na sentensi fupi kwa sababu ilikuwa nzuri.

Pesa za wateja nilirudisha kwa mafungu. Mama wa Nyangezi alikataa pesa, akataka alevini wengine. Ilinichukua mwaka na nusu kumpa.

Wakati huohuo peste ya nguruwe, homa ya kirusi inayoua nguruwe, ilipita Kabare. Mama mkwe alikuwa na nguruwe kumi na mmoja; wakafa kumi, na jike mmoja akasimama tena. Majirani wakaanza kuweka oda ya watoto wake kabla hajapata mimba: huyu ni sugu, alishinda peste. Zamani ningekuwa wa kwanza kwenye foleni. Sasa nikasema nguruwe mmoja hawezi kutuonyesha kitu, tena aliyepona anaweza kukaa na kirusi mwilini kwa muda na kukianzisha upya kwenye zizi jipya. Tulimchinja, na mifupa yote ikazikwa kwa chokaa. Mama mkwe hakunisemesha mpaka Pasaka. Mpaka leo sina amani kamili na uamuzi ule. Usiku mwingine najiuliza kama hatukula kitu cha thamani.

Aliyenielewa bila kueleza sana ni mama yangu. Yeye ni wa mihogo, Walungu. Nilipomwambia habari ya mbegu safi na mbegu sugu alinitazama kama mtoto anayesimulia kwamba maji yanalowesha. Fimbo ya muhogo unaweza kuikata kwenye shina lisilo na mozaiki, ule ugonjwa wa majani, akasema, lakini ukiipanda katikati ya shamba lenye inzi weupe, baada ya mwezi majani yanajikunja. Fimbo ya aina inayovumilia ni nyingine, ile inatoka kwa watu wa INERA, watafiti wa kilimo wa serikali, pale Mulungu. Na hata hiyo unaikata kwenye shina zima. "Vyote viwili, mutoto wangu. Si kimoja."

Basi siku hizi nina daftari. Nina koo nne za tilapia kutoka sehemu zisizojuana, na kila ukoo nimeukata pezi kwa alama yake. Madume wa ukoo mmoja huenda kwa majike wa ukoo wa pili, wa pili kwa wa tatu, na kuendelea hivyo, ndugu hawakutani. Mgeni yeyote anakaa majuma matatu kwenye bwawa la mwisho, chini kabisa, maji yake hayapandi kwa mwingine, na wavu wake ni wake. Mlango wa maji siufungui kwa amri ya mtu. Watu huona ni ukali wa bure. Lakini mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba kirusi cha tilapia, kile kilichoelezwa mara ya kwanza Israel mwaka 2014, kimeonekana kwenye samaki wa ziwa Victoria, Uganda na Tanzania. Kutoka kule mpaka huku si mbali kwa ndoo iliyofungwa nyuma ya pikipiki. Habari njema ni kwamba uvumilivu wa kirusi hicho, tofauti na madoa meupe ya kamba, unarithiwa kwa kiasi kikubwa. Majaribio kwenye tilapia wa GIFT, ukoo ulioboreshwa kwa kuchagua wazazi, yalionyesha familia zinazokufa karibu zote na nyingine zinazobaki karibu zote. Kazi hiyo inahitaji maabara na familia nyingi zenye alama. Mabwawa manne ya Kamanyola hayaiwezi. Yanachoweza ni kutoharibu mbegu wakati inangojwa.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Luvungi alikuja na ndoo, uso unang'aa. Bwawa lake lilikuwa limekufa usiku, akasema, karibu lote, lakini hawa thelathini walibaki, na amesikia mimi ni mtu wa mbegu. Alitaka tubadilishane: hawa wenye nguvu kwa wazazi wangu wawili. Nilichungulia ndani ya ndoo. Walikuwa wadogo, wepesi, wazuri hasa.

"Walikuwa upande gani wa bwawa?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Pale penye maji inaingilia, mukubwa. Juu ya nini?"

Nikamvutia kiti.